Mwalimu Fonathing

Tangu Alhamisi napita njia ya nyuma. Inanizungusha dakika ishirini zaidi, ina mbwa wawili wasiofungwa na shamba la mihogo la mzee asiyetaka watu wakatize, lakini haina kijiwe cha bodaboda. Kijiwe ndicho kilichonibatiza. Nikichomoza tu pale kwenye mwembe, vijana wanaweka mikono kifuani na kuinamisha vichwa kama wanakwaya, kisha mmoja wao, ambaye Kiingereza chake chote ni majina ya timu za mpira, anasema kwa sauti ya heshima kabisa: "Mwalimu, senkyu fo nathing."

Halafu wanacheka mpaka pikipiki zinayumba kwenye stendi zake.

Nieleze ilivyokuwa, maana habari zinazozunguka Mpanda mjini ni nyingi na nyingine zimetiwa chumvi. Kuna mtu anadai mgeni mmoja alizimia. Hakuzimia. Alipaliwa na maji.

Kijiji chetu kipo upande wa barabara ya kwenda Sitalike, na Katavi ya Oktoba unaijua. Mto Katuma unabaki jina. Huko hifadhini, pamoja na ukubwa wote ule wa kilomita za mraba 4,471, viboko wanakosa maji, wanajazana kwa mamia kwenye dimbwi moja la tope, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akimfokea mwenzake. Watalii wanalipa dola kuja kutazama. Sisi huku nje ya hifadhi tulikuwa tunafanya vilevile kila alfajiri kwenye kisima cha kamba, na hakuna aliyelipa hata senti kututazama. Kwa hiyo wageni kutoka Uingereza walipotuchimbia kisima kirefu, chenye pampu ya umeme wa jua na vituo vinne vya kuchotea, furaha yetu ilikuwa ya kweli. Hilo naomba liandikwe. Kila neno nililosema siku ile lilitoka moyoni, hasa lile baya.

Mwenyekiti wa kijiji alinifuata Jumanne jioni.

"Mwalimu, wewe utatoa neno la shukrani. Kwa Kiingereza."

Nikamwambia mbona mkalimani atakuwepo. Akasema mkalimani atatafsiri hotuba za kawaida, lakini shukrani zikipitia kwa mkalimani zinafika zimepoa, kama ugali uliobebwa kwa baiskeli. Mwenyekiti akishafananisha kitu na ugali, mjadala umefungwa.

Sasa, kwa aliyebahatika kutokaa chini ya turubai la mkutano: neno la shukrani na asante ni vitu viwili tofauti. Asante unaisema umesimama, umekaa, hata mdomo ukiwa umejaa andazi. Neno la shukrani linaanza kwa kuitaja meza kuu nzima kwa vyeo, au kwa anayetaka kuokoa muda, kwa kusema "itifaki imezingatiwa", sentensi ambayo kazi yake ni kuwatangazia watu kwamba heshima ipo, ila imefungiwa kabatini. Kisha msemaji "anachukua nafasi hii". Sijui nani alitufundisha kuchukua nafasi. Nahisi ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Babu yangu alishukuru watu maisha yake yote bila kuchukua nafasi ya mtu. Baada ya hapo msemaji anatangaza kwamba hana mengi ya kusema, na hapo ndipo wazoefu wanapokwenda kujisaidia, kwa kuwa wanajua watarudi wamkute bado hana mengi ya kusema. Mwishoni, jua likiwa limeshamfikia utosini, anakumbuka kuna watu hajawagusa, anawafunga wote kamba moja: "Na mwisho, lakini si kwa umuhimu, niwashukuru akina mama waliotuandalia chakula." Ukitaka kujua nani ni wa mwisho kwa umuhimu hapa nchini, sikiliza maneno hayo yanamtangulia nani.

Nilikaa na kibatari usiku wa Jumanne na usiku wa Jumatano. Nikagundua shukrani za Kiingereza zina ngazi kama za tangi la maji. Chini kabisa kuna "cheers", ambayo mimi miaka yote nilijua ni ya kugonganisha glasi, kumbe Mwingereza anaweza kumwambia hata kondakta aliyemrudishia chenji. Juu yake kuna "thanks", ya watu waliozoeana. Halafu "thank you", halafu "thank you very much", halafu unaanza kuhitaji tai: "I am most grateful", "we are much obliged". Kileleni nilikuta "we are deeply indebted to you", nikaipenda, nikampelekea mwenyekiti. Akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni kama kusema tuna deni kubwa kwenu.

"Futa," akasema. "Usiwaandikie deni. Wataleta risiti."

Nikafuta. Nikafuta pia "I would like to thank you", kwa sababu nyingine. Ni kama kusema ningependa kukushukuru. Sasa kama ungependa, nani amekuzuia?

Kilichobaki kilikuwa lile jambo kijiji kizima kilikuwa kinalisema, sokoni, kanisani, msikitini, kwenye pombe: hawa watu wametupa bure. Hawakutaka mchango, wala kadi ya chama, wala nakala ya kitambulisho. Bure! Nikaona hili ndilo litakuwa moyo wa hotuba. Nikaifungua kamusi yangu ya Kiswahili na Kiingereza, ambayo haina jalada na kurasa za mwanzo zilishawashia mkaa, kiasi kwamba neno la kwanza lililosalia ni "bunduki". Ungepotea ukurasa mmoja zaidi, leo ningekuwa napita njia kuu. Lakini ukurasa ulikuwepo, na "bure" ilikuwepo, na mbele yake imeandikwa wazi bila onyo la aina yoyote: "for nothing".

Nikaandika. Nitainukuu hotuba yangu mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayeinukuu kwa nia njema: "You asked us for nothing. You took from us nothing. You gave us this water for nothing. And so, from the bottom of our hearts, we say: thank you for nothing."

Hebu isome kwa sikio la mtu aliyekua akisikiliza mashairi ya redioni. Nothing, nothing, nothing, nothing. Vina vimekaa. Mizani sikuihesabu, lakini ilikuwa inatembea. Niliisoma kwa sauti saa sita usiku nikasisimka mwili.

Shida iliyobaki ilikuwa "th". Kiswahili kinayo, iko kwenye thamani na thelathini, ila sisi watu wa bara tumezoea kuhesabu ishirini na tisa, selasini. Sikutaka wageni wasikie "senkyu". Nikafanya mazoezi mbele ya kioo, ulimi katikati ya meno, nikipuliza, mpaka mke wangu akauliza kutoka kitandani kama nimeng'atwa na nyuki.

Alhamisi saa nne magari matatu meupe yakaingia. Mshereheshaji, ambaye naye alikuwa na Kiingereza chake cha akiba, akaruka kwenye kipaza sauti: "You are welcome! You are welcome! You are very, very welcome!" Bibi mmoja mwenye kofia pana alikuwa ndiyo kwanza anashusha mguu. Akaganda mlangoni. "Oh," akasema, "thank you", kwa sauti ya abiria aliyekumbushwa nauli. Wakati ule sikuelewa. Sasa naelewa: kwao maneno yale ni jibu la asante. Ukimwanza nayo mtu ambaye hajatamka lolote, ni kama unamkumbusha kwamba umemngoja ashukuru na hujasikia kitu. Sisi tulikuwa tunamkaribisha. Yeye alidhani anadaiwa, naye hajafika hata kwenye kiti.

Zikapita ngoma, dua, sala, historia fupi ya kijiji iliyochukua dakika hamsini, risala ya wanafunzi. Wageni wakapewa majogoo wawili na dumu la asali kutoka Inyonga. Kisha nikaitwa.

Nilisema vizuri. Hili hata kijiweni hawabishi. "Th" zilitoka zote, za kupuliza. Nilipofika "You asked us for nothing", bibi wa kofia akatikisa kichwa kwa upole. "You took from us nothing", mzee mwenye ndevu nyeupe, ambaye ndiye alikuwa kiongozi wao, akaweka mkono kifuani. "You gave us this water for nothing." Kijana wao mrefu akashusha kamera anisikilize kwa makini, akafungua chupa ya maji.

"And so, from the bottom of our hearts, we say: thank you for nothing!"

Ndipo aliponyanyua chupa, na ndipo maji yalipomrudia kupitia puani.

Ningekomea hapo, pengine pangekuwa na njia ya kurudi. Lakini niliona nyuso za meza kuu zimebadilika rangi, nikadhani ni machozi ya furaha, nikafanya lile kosa la walimu wote duniani: nikataka darasa lirudie. Kulia kwangu walikuwa wamepangwa wanafunzi wa darasa la tatu hadi la saba, zaidi ya mia nne, watoto waliofundishwa tangu wanaanza shule kwamba mwalimu akinyanyua mkono, kinachofuata kinarudiwa na hakiulizwi. Nikanyanyua mkono.

"Thank you!"

"SENKYUUU!"

"For nothing!"

"FO NATHIIING!"

Mara tatu. Ya tatu nilisikia imegonga kwenye bati za zahanati ikarudi. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akaomba makofi ya kilo. Yakapigwa. Mwenyekiti alikuwa amefumba macho kwa fahari.

Mzee wa ndevu akainuka, akasubiri utulivu, akasogea kwenye kipaza sauti na kusema maneno matatu: "Don't mention it." Wenzake wote sita wakaangalia chini, mabega yakitetemeka. Mkalimani, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatafsiri hata kikohozi, hakutafsiri. Nikasema moyoni, kijana mvivu huyu.

Nikaenda kwenye chakula nikiwa mtu mkubwa. Nilipewa paja. Mkalimani akaja na sahani yake, akakaa karibu nami zaidi ya nafasi iliyohitajika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, mwalimu. Ile hotuba uliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe," nikasema, nikaweka paja chini ili nisifiwe nikiwa na mikono mitupu.

Akanieleza. Alieleza kwa adabu, kwa sauti ya chini, akianza na "si kwamba umekosea, mwalimu", maneno ambayo katika ualimu wangu wote nimeyatumia kwa watoto waliopata sifuri. Alisema hayo ndiyo maneno ambayo Mwingereza humwambia mtu aliyemwomba msaada akamtosa: sikuombi tena, nimeshakujua, asante kwa kazi bure. Alisema na watoto walitamka vizuri sana.

Paja lile sikulimaliza. Alilichukua mbwa, naye alikuwa wa kwanza siku ile kupokea kitu bila hotuba.

Nimekaa na jambo hili siku tano sasa, na nakiri kwamba aibu ikitulia kidogo linanivutia kuliko linavyoniuma. Jitihada zangu hazikuwa na kosa. Wanafunzi wangu wakiniletea hesabu yenye hatua sahihi zote na jibu la ajabu, huwa nawapa alama za hatua. Hatua zangu ni hizi. Kiswahili hakina "nothing". Tukitaka kusema hatukupewa, tunakanusha tendo: hawakuomba kitu, hatuna kitu, hakuna kitu. Kitu chenyewe kinabaki kizima. Kilichovunjwa ni kitenzi. Mwingereza anafanya kinyume. Kitenzi anakiacha salama, anavunja kitu. Ukiitazama neno kwa neno, "they asked for nothing" inasema kwamba wale watu waliomba kweli, na walichokiomba kinaitwa Hakuna. Hakuna huyo ana mwili. Anaombwa, anatolewa, anapokelewa, anaweza kufungwa kwenye karatasi ya zawadi akakabidhiwa kwa picha.

Hapo ongeza ujanja wa "for". Ukisema umepewa kitu "for" fulani, unataja bei. Ukisema asante "for" fulani, unataja sababu. Neno ni lilelile, limebadilisha kazi katikati ya hotuba bila kutoa taarifa. Katika sentensi yangu ya tatu, Hakuna alikuwa bei: maji kwa bei ya Hakuna, yaani bure. Katika ya nne akageuka kuwa ndiye mzigo wenyewe: asanteni kwa kutuletea Hakuna. Na usidhani sisi tumepona, maana "kwa" yetu ni ndugu yake: nyanya kwa shilingi elfu moja, asante kwa nyanya. Hata "bure" yenyewe ina nyuso mbili. Kisima cha bure ni neema, lakini kazi bure ni hasara, na mtu bure ni yule shemeji wa kila ukoo. Shimo hilo tunalo nyumbani, ila tumelizunguka tangu utoto, hatulioni.

Tofauti nyingine ni mahali tunapoficha mwiba. Kejeli ya Kiswahili inakaa kwenye sauti. Mama anaposema "asanteeee" kwa mtoto aliyevunja sahani, kila jirani anajua kinachofuata. Ukiambiwa na mwenzio "haya, asante" na mlango ukafungwa taratibu, usipeleke barua ya pongezi. Mwingereza mwiba wake anaweza kuuficha ndani ya maneno yenyewe, uso mkavu. "Thanks a lot" inaweza kuwa asante nyingi au tusi, kutegemea ni nani kavunja nini. Na "I'll thank you to close the door" si shukrani kabisa, ni amri ya kufunga mlango, tena ya mtu aliyeshakasirika.

Jioni ileile wageni walinialika kula nao Sitalike walikofikia. Bibi wa kofia alitaka kukutana nami. Nasikia alisema ndiyo hotuba bora aliyowahi kuisikia maishani. Nikaapa kusema neno moja tu la Kiingereza, lililo salama kuliko yote. Ikaja supu. Nikamaliza bakuli. Bibi akainua upawa: "A little more?" Nikasema, "Thank you", na mkono nikauweka juu ya tumbo. Akajaza. Nikanywa kwa heshima. "More?" "Thank you." Akajaza. Kufika bakuli la nne nilikuwa natoka jasho la supu, naye ananitazama kwa huruma, akiwaza, bila shaka, jinsi mishahara ya walimu ilivyo.

Hapa kosa ni la kwetu sote wawili, na linastahili kufundishwa shuleni. Ukipita mbele ya nyumba ya watu Mpanda ukawakuta wanakula, watakuambia karibu. Ukijibu "asante", unaendelea na safari yako. Asante ile ni hapana iliyonawa uso. Anayetaka kula hasemi asante, anauliza maji ya kunawa yako wapi. Wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kalemie wananiambia hata "merci" ya Kifaransa mezani ni hapana. Lakini "thank you" ya Mwingereza mbele ya upawa ni ndiyo, na usipoitanguliza "no" utakunywa mpaka sufuria liseme.

Yaliyobaki ni madogo. Mwaka juzi dereva wa watalii, Mzungu, alinipa lifti kutoka Sitalike hadi mjini, nikamshukuru, akaniambia "don't mention it", nami nikaitunza siri ile miezi minane nikiamini kazi yake iko hatarini.

Mtu mmoja ofisini aliniandikia "cheers" mwishoni mwa ujumbe, nikamjibu kwamba mimi situmii kilevi.

Na barua. Kila barua niliyowahi kuandika ya kuomba uhamisho inaishia "natanguliza shukrani". Tunazituma mbele shukrani kama mtoto aliyetangulizwa na kikapu, zikafike kabla ya msaada, zikae sebuleni, zimtazame mkubwa mpaka aone haya. Kwa Kiingereza, "thank you in advance", wengine wanaiona ni kushikwa kola. Shukrani zinazotangulia zina historia yake hapa kwetu: kwenye kampeni ziliitwa takrima, zikawa halali kisheria, hadi Mahakama Kuu ilipozifuta mwaka 2006. Za barua bado hazijafutwa, ingawa uhamisho sijapata.

Lakini kuna kitu hakinichekeshi, na nimejaribu kukichekea tangu Alhamisi.

Chini ya turubai lile tulikuwa watu kama mia nane. Waliokuwa wanaelewa Kiingereza tuwahesabu: wageni saba, mkalimani, afisa mmoja kutoka mjini, na mimi kwa kiasi mlichokiona. Mahakama zetu zenyewe zimepewa Kiswahili kuwa lugha ya sheria tangu 2021. Mshtakiwa leo anaweza kufungwa kwa lugha anayoielewa. Kisima tu ndicho hatuwezi kukishukuru kwa lugha hiyo.

Mtaro wa mabomba kutoka kisimani hadi vituo vinne ulichimbwa na watu wa kijiji kwa majembe na sururu, mwezi Septemba, ardhi ya hapa ikiwa ngumu kama sakafu ya benki. Wengi walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa na udhuru. Eneo la tangi alilitoa mzee mmoja bila kuulizwa mara mbili. Kibao kilichobandikwa kwenye tangi kimeandikwa kwa Kiingereza, kimetaja waliotoa fedha, na kimekosea tahajia ya jina la kijiji. Mzee hayumo. Mtaro haumo. Na mimi, niliyekesha usiku mbili nikipanga nani ashukuriwe, nilikuwa na karatasi yenye "nothing" nne na wachimbaji sifuri. Sikuwataja hata kwa ile kamba ya mwisho lakini si kwa umuhimu. Nilikatishwa na makofi ya kilo.

Nikifika hapo naanza kukumbuka mengine yasiyonihusu. Hii reli inayotoka Kaliua hadi Mpanda, Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kuifuata risasi iliyokuwa inachimbwa hapa, ile risasi ya madini, si ya bunduki. Risasi ilisombwa. Nina hamu ya kujua nani alitoa neno la shukrani siku behewa la mwisho linaondoka, na alilitoa kwa lugha gani, na kama watoto walirudia mara tatu.

Mama aliyeongoza jiko siku ile anatoka Katumba. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi mwaka 1972. Aliamka saa nane usiku kupika pilau ya watu mia nane. Wakati narudi kuchukua baiskeli, natembea kama mtu aliyemwagiwa maji, nilimkuta anasugua sufuria kwa mchanga. Akaniangalia, akafuta mkono kwenye kitenge, akanipa.

"Murakoze, mwalimu."

Nikafikiri na yeye ananitania. Hakuwa na habari ya "nothing" wala "for". Alikuwa kwenye moshi muda wote. Nilimuuliza neno hilo hasa maana yake ni nini, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeacha kuamini maneno. Akasema ni asante. Nikamwambia ndiyo, lakini ndani yake kuna nini. Akafikiri, akacheka, akasema linatokana na kazi: mmefanya kazi. Asante yetu sisi ililetwa na Kiarabu, na humo inasema umefanya vema, ni alama ya vema ya mwalimu kwenye daftari. Ya Mwingereza ina udugu wa zamani na neno lao la kufikiri, maana yake yuko ofisini anakufikiria. Hii ya Katumba inaangalia mikono yako tu.

Nilitaka kumrudishia neno hilohilo, yeye na sufuria zake sita. Kabla sijafungua mdomo mshereheshaji akapita na gari la muziki, akaniona, akapiga honi.

Kisima kinafanya kazi vizuri. Kamati ya maji ilikaa Jumapili kupanga gharama za mlinzi na ukarabati, na tangazo limebandikwa chini ya kile kibao cha Kiingereza: ndoo ya lita 20 ni shilingi 50, watoto wa shule hawakatazwi, na msimamizi hana chenji.